Simu za Ng'ambo na Pilau ya Hitima

Siku ya hitima ya babu yako naikumbuka mpaka harufu ya moshi wake, mwanangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Wanaume walipika pilau uwanjani kwetu Msambweni kama ilivyo ada, na baba yako Bakari alishika mwiko tangu asubuhi mpaka watu walipokula wakatawanyika.

Sijafika umri wa kutoa nasaha. Hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya, kwa kuwa naogopa kukosea, na kuandika sikufundishwa na mtu. Lakini hili nataka ulisikie kwangu, si kwa majirani.

Baba yako alikuwa mwangalizi wa nyumba za wageni Diani. Ofisini palikuwa na simu ya mezani, na funguo alikuwa nazo yeye na mwenye nyumba, Mama Njeri, basi. Mwezi ule bili ilikuja na simu ndefu za ng'ambo, nchi ambayo hakuna aliyewahi kuitaja pale. Mama Njeri akamwambia wazi: ama aseme alikuwa akimpigia nani, ama mwezi ukiisha atafute kazi kwingine.

Jioni akanieleza, akidhani nitamwonea huruma. Mimi nilisikia neno moja tu, ng'ambo. Papo hapo akilini nikamwona yule mwanamke wa ng'ambo wa nywele fupi aliyekaa pale wiki kadhaa, akimwita "Baka" kana kwamba amemzaa yeye. Mimi mkewe sijawahi kumkatia jina. Nikauliza simu zilipigwa lini. Akasema ni siku ya hitima, mchana.

Jibu nilikuwa nalo, mwanangu, lakini wivu haukutaka jibu, ulitaka mtu. Nikajiambia labda nilipokuwa naosha sahani alipanda bodaboda, akaenda Diani, akaongea na mtu wake, akarudi kabla wali haujaiva. Nikafunga nguo zangu, nikaenda kususa kwa mama yangu Ukunda, nikangoja aje kunifuata na wazee wake.

Hakuja. Nilichungulia njia, nikapanga na kupangua vyombo vya mama mpaka akanikataza kuingia jikoni. Aliyekuja ni Bi Mwanakombo, somo yangu, aliyenifunda kabla ya harusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa mkekani, akaniacha nimseme Bakari hadi nikachoka.

"Hizo simu zilipigwa siku gani?" akauliza.

"Siku ya hitima."

"Na mumeo alikuwa wapi?"

Nikainama. "Alikuwa anapika pilau."

"Sasa wamwonea wivu nani, sufuria?"

Mama akacheka chumbani, kumbe alikuwa akisikiliza. Bi Mwanakombo hakucheka. Akaniambia kwa upole kwamba hakuna aliyemtazama Bakari siku ile kama mimi, maana mwenye wivu habandui macho. Basi shahidi wake ni mimi, na shahidi mwenyewe amekaa mkekani anangoja kubembelezwa, huku mwezi unaisha.

Ni kweli nilimtazama. Nilijua hata ni nani waliompelekea maji, na nani alirudi mara ya pili bila sababu.

Kesho yake nikaenda Diani. Maneno niliyajaribu njia nzima, na nilipofika yakapotea. Nikasema tu kwamba Bakari hakuondoka penye sufuria ya pilau siku ile, kwamba nilijua tangu mwanzo, na kwamba nilinyamaza kwa hasira.

Mama Njeri akaikunjua ile bili mezani. "Ndugu zake walikuja kuapa, nikaona wanamkinga tu," akasema. "Lakini mwanamke aliyekasirika mpaka akarudi kwao, huyo hawezi kunidanganya kwa ajili ya bwanake."

Siku hiyo hiyo aliipinga bili kwa kampuni ya simu badala ya kuilipa. Mafundi walipochunguza, waligundua kuwa wezi wa mbali walijipenyeza kwenye laini na kupitisha simu zao humo, bila mtu kugusa simu ya ofisini. Malipo yale yakafutwa. Baba yako akabaki kazini.

Mimi nilirudi nyumbani bila kufuatwa, mkoba mkononi, majirani wakitazama. Baba yako akaupokea mlangoni. "Umekula?" akauliza. Nilitamani kumwuliza kama yule wa nywele fupi amewahi kupiga simu. Nikafunga mdomo, na hilo lilinichosha kuliko safari yote.

Wivu haujaniisha, mwanangu, na naogopa umeunyonya kwangu. Siku utakapokushika, jiulize kwanza umeona nini kwa macho yako, kisha ukiseme, hata kama kitamwokoa yule unayemkasirikia. Usikae kungoja kubembelezwa ilhali heshima ya mtu imo kinywani mwako.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoona kilichopo na ulimi usiokificha. Akujaalie na mwenza ambaye, ukirudi bila kufuatwa, atakuuliza kama umekula. Amin.