Medali Niliyoifuta Jina

Watoto wangu husema siku ile nilikuwa na njaa, ndiyo maana nikaona mambo. Sikuwa na njaa. Nilikunywa uji bakuli zima, na macho yangu hadi leo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Niliona, na ukija Bonga nitakuonyesha kalavati lenyewe.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa. Babati ilijaa wageni, na mmoja wao alipanga gesti karibu na stendi, ananunua medali za vita vya zamani. Mimi nilikuwa nazo kopo zima. Marehemu mume wangu alipigana Burma, na kila mwenzake alipokufa alikwenda kuomba medali kwa mjane, vijijini Maisaka, Nakwa, kote, kabla hazijayeyushwa kuwa bangili. Shule niliishia darasa la pili, lakini medali alinifundisha nikazijua kama mbuzi wangu. Nyota ya ncha sita, utepe wake mwekundu katikati, ni ya Burma. Ya duara, simba amekanyaga joka, ni ya vita hivyohivyo vya pili. Ya duara, mtu uchi juu ya farasi na farasi amekanyaga fuvu, hiyo ni ya vita vya kwanza, na ukingoni imechongwa jina la mwenyewe. Ya farasi nilikuwa nayo moja tu. Ya baba yangu mzazi.

Sasa mjukuu wangu Pendo akashikwa na degedege. Mama yake yuko Mererani kwenye machimbo, nyumbani niko peke yangu, mvua inamwagika, barabara ya Dodoma haina hata gari moja. Ungefanya nini? Nilimfunga mgongoni, kopo nikalitia kwenye kapu nikalipie dawa, nikaanza kutembea kwenda mjini. Nilianguka kwenye tope mara kwa mara. Mtoto alikuwa anawaka moto, halafu akaacha hata kulia.

Ndipo kijana mmoja akatokea pembeni yangu. Amevaa gunia, utosini ana upara mviringo kama mtu aliyebeba mizigo miaka yote.

"Mama, nipe mzigo."

Nikawaza, kijana gani huyu, hata shikamoo hana. Lakini mjini kulikuwa bado mbali. Nikampa. Akamweka Pendo begani, akaenda mbio hata nikashindwa kumfuata sawasawa. Nikatazama miguu yake. Tope lilikuwa hadi vifundoni, na miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi.

Kwenye kalavati akasimama.

"Nipe medali yangu."

"Medali gani, baba?"

"Askari walipewa. Sisi tuliowabebea mizigo kwenda Kondoa tulifia hapa njiani, hatukupewa."

Amini usiamini, sikupiga kelele. Nilifungua kopo. Nikampa nyota.

"Burma sikufika," akasema, akairudisha. Akashuka hatua moja kuelekea porini, mtoto begani.

Nikampa ya simba. "Hivyo vita mimi nilikuwa mfupa tayari." Akashuka tena. Mkono wa Pendo ulikuwa unaning'inia.

Nikampa ya baba yangu. Akaishika vizuri, akampapasa yule farasi, akapitisha dole gumba ukingoni.

"Hii ina mwenyewe," akasema. "Mimi si huyu." Akaanza kwenda.

Nilimpokonya ile medali. Nikapiga magoti kwenye kalavati nikaisugua ukingo kwenye saruji, nasugua na kulia, ngozi ya vidole inatoka, hadi fedha ikawa laini, haina herufi hata moja. Nikamnyooshea.

Akapitisha dole gumba tena, taratibu, mzunguko mzima. Akamweka Pendo mikononi mwangu. Na mdomo wangu, wenyewe bila kuutuma, ukasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule kijana, na barabarani nikabaki mimi na mvua.

Pendo alipona. Nyota na simba alichukua yule mnunuzi. Lakini hospitali nesi aliniuliza, "Bibi, jina lako na la baba?" Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Kaka yangu alikuja akanitajia. Niliona midomo yake inacheza, sauti sikuisikia. Akanipeleka kwenye kaburi la baba. Kila mtu anasoma pale msalabani, mimi naona saruji tupu. Baba alinibeba mabegani nikiwa mdogo, sura yake ninayo, kikohozi chake ninacho, jina sina. Wakitaka jina langu kamili, Pendo ndiye huandika. Mimi naweka dole gumba.

Kwa hiyo wewe mwenye ya farasi kabatini, isome ukingo leo, kwa sauti, wanao wasikie. Na ukishikwa na mvua njia ya Bonga, akitokea kijana asiye na shikamoo akakuomba mzigo, mbebe mwanao mwenyewe, hata kwa kutambaa.