Benchi la Mpishi Kalisti

Katika Sekondari ya Wavulana ya Kitambe, juu ya kilima kinachotazama ziwa, mtu angeweza kuwa mkuu wa shule miaka na miaka asibebwe na yeyote mpaka siku ya kuzikwa. Mpishi alibebwa kila mwaka, tena yu hai.

Shule yenyewe ilijengwa na wakoloni ili watoto wa machifu wajue kula kwa uma. Machifu wakafutwa, uma zikaibwa, ugali ukabaki. Picha za waanzilishi zilizotundikwa ofisini zililiwa na mchwa kuanzia miguuni, hata mwanzilishi mkuu akabakiwa na masharubu na kofia tu. Mila za shule hazikuliwa na mchwa, maana hazikukaa ofisini. Zilikaa jikoni, kwa Kalisti.

Kalisti alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Rusimbi, mwenye kitambi cha kazi na sauti ya kuamsha mabweni yote bila kengele. Mila ya Benchi ilianza naye, ingawa hakukusudia. Siku ya mahafali moja ya zamani aliteleza jikoni, akateguka kifundo cha mguu. Mgeni rasmi alikuwa ameshaketi bwaloni, na hakuna aliyethubutu kugawa nyama bila Kalisti. Vijana wa kidato cha sita wakampandisha kwenye benchi, mwiko mkononi, wakambeba huku wenzao wakigonga sahani. Mwaka uliofuata kifundo kilikuwa kimepona zamani, lakini vijana walikuja na benchi hata hivyo, na Kalisti akakumbuka kuchechemea. Tangu hapo ikawa sheria: siku ya mahafali, kidato cha sita humbeba yule waliyempenda kuliko wote shuleni. Na siku zote walimpenda Kalisti. Hawakuwa na mwingine wa kumpenda.

Mila ya pili iliitwa Kusimama. Mkuu mmoja wa zamani alipotelewa na bata wake, akaingia bwaloni na fimbo: "Aliyemla asimame!" Akasimama mmoja, akasimama jirani yake, mwishowe bwalo zima likawa limesimama. Mkuu alijaribu kuwachapa wote, mkono ukamfa ganzi kabla hajamaliza meza ya tatu. Kila mwaka Kalisti aliwasimulia kidato cha kwanza kisa hicho, akikwepa kidogo habari ya nani alimpika yule bata, na kila mwaka alimaliza kwa kuwatolea macho: "Wakiuliza nani, wote juu! Anayebaki ameketi, huyo ndiye aliyechongea. Tunamjua, na hatumsahau."

Ndipo ukaja mwaka ule Zaire ilipobadili jina, na ziwa likawa linatapika watu. Kila asubuhi boti zilitua na familia, magodoro, mbuzi, na mara nyingine kitanda kizima. Kitambe nayo ikajaa wanafunzi, na mkuu wa shule, Mwalimu Feliksi, akaona jiko linahitaji mtu wa pili. Akamleta Heritier, mtu wa Uvira ng'ambo ya ziwa, mwembamba kama ufito, mwenye karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ambayo siku zake zilikuwa zimeshakwisha, na hakuna aliyejali kuzitazama ila Kalisti.

"Papa Kalisti," alisema Heritier, akiinama kidogo, "mimi iko mtoto yako hapa. Unionyeshe kazi."

Kalisti akamwonyesha kuni. Wiki nzima Heritier alipasua kuni. Halafu Kalisti akaumwa malaria, akalala nyumbani Katubuka kwa siku chache, na siku chache hizo zilimharibia maisha.

Aliporudi alikuta harufu imemtangulia jikoni. Sombe. Majani ya muhogo yaliyopondwa yakapondeka, dagaa waliokaangwa wakakauka kwanza, vitunguu vya majani, na mawese yaliyotiwa mwishoni ili yabaki na rangi yake ya jua. Kalisti alikuwa amewalisha watoto wa watu maharage miaka yote, akiyapika kwa maji, chumvi na vitisho. Mchana ule foleni ya sufuria ya Heritier ilikata kona ikaenda mpaka kwenye tanki la maji. Kwenye sufuria ya Kalisti alisimama mvulana mmoja, mwenye mafua.

Donge likamkaa kooni. Akajiambia ni malaria haijaisha. Lakini malaria gani inayopanda kila ukisikia kicheko? Heritier akiimba, Kalisti aliona anawika. Heritier akinyamaza, aliona anapanga jambo. Vijana walianza kumwita "Chef", na Kalisti, ambaye maisha yake yote alikuwa akiitwa "Mzee wa Maharage" na kulipenda jina hilo, ghafla akalisikia jinsi linavyonuka.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe Marsiana aliletewa kibakuli cha sombe na Heritier kama salamu. Alikila chote, akapangusa kwa kidole, akakodoa macho kama aliyepata habari ya msiba.

"Baba Elida, huyu mtu anatia nini humu?"

"Sumu."

"Basi muulize ni sumu gani, na mimi nijue kuitia."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema huyo mwenyeji akishapona atakwenda wapi.

Pigo la mwisho lililetwa na Anatoli, kaka mkuu, kijana mpole aliyetembea akiwa tayari amekunja uso wa mheshimiwa. Alimkuta Kalisti akikagua benchi, akipiga misumari mahali palipolegea, maana mahafali yalikuwa Jumamosi ile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwaka huu nataka mnizungushe mlingoti wa bendera mara mbili. Mwaka jana mlinipunja."

Anatoli akatazama viatu vyake. "Mzee, vijana wana... wana mawazo mapya mwaka huu."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, harufu ya mawese ilitaja.

Jumatano Kalisti alivaa koti lake la harusi, akafunga kitambaa shavuni, akaaga kwamba anakwenda mjini kung'oa jino. Hakwenda kwa daktari wa meno. Aliingia ofisi moja inayoshughulika na vibali vya wageni, akaketi mbele ya afisa aitwaye Mwinshehe, akaeleza kwa kirefu jinsi usalama wa taifa unavyomnyima usingizi. Pale kilimani, alisema, kuna mtu wa ng'ambo anayefanya kazi na karatasi mfu. Mwinshehe akamshukuru. Njiani kurudi Kalisti aliona ziwa zuri kuliko siku zote, na kifua chake kikawa chepesi kama cha mtu aliyetapika.

Jikoni Heritier alikuwa amemwekea uji wa ulezi, mwororo, umepoa kiasi cha kunyweka. "Kunywa, Papa. Usitafune kitu leo. Jino ni adui mubaya."

Kalisti aliunywa kwa hasira, maana ulikuwa mtamu. Jioni njaa ikamshinda. Akakaa nyuma ya ghala la kuni, akalishambulia hindi la kuchoma kwa magego ya upande ule ule uliofungwa kitambaa. Alipoinua macho, Heritier alikuwa amesimama na mzigo wa kuni. Alitazama hindi, akatazama kitambaa, akatazama koti la harusi lililotundikwa mlangoni. Akaenda zake.

Ijumaa mchana, vijana wote wakiwa bwaloni, gari likapanda kilima. Mwinshehe akaingia na mwenzake. Mwalimu Feliksi, aliyekuwa akila na wanafunzi siku hiyo, akaanza kutokwa jasho puani. Heritier alikuwa katikati ya meza, akigawa mboga. Kalisti alikuwa kwenye benchi lake mlangoni mwa jiko, ameketi vizuri, kama mtu aliyekata tiketi ya mbele.

"Tumepata habari," alisema Mwinshehe, "kwamba humu yumo mkimbizi anayefanya kazi bila kibali. Ni nani? Asimame."

Kijiko kikaanguka mahali. Kisha mvulana wa kidato cha kwanza, mdogo kiasi kwamba akisimama alikuwa sawa na walioketi, akasimama. Jirani yake akasimama. Anatoli akasimama na kufunga kifungo cha shati. Mabenchi yakakwaruza sakafu, meza baada ya meza, mpaka bwalo zima likawa wima. Mwalimu Feliksi alijitahidi kubaki kitini, lakini naye alisoma Kitambe, na miguu yake ilikumbuka kabla yake. Akainuka akijitazama kwa mshangao. Heritier, mkimbizi wa kweli, alikuwa amepotea katika msitu wa wakimbizi, upawa mkononi.

Mtu mmoja tu alikuwa ameketi.

Vichwa vikaanza kugeuka. Kimoja, kisha meza nzima. Kalisti aliona macho yale na akayajua, maana ni yeye aliyewafundisha kutazama hivyo. Anayebaki ameketi, huyo ndiye. Tunamjua, na hatumsahau. Akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

Mwinshehe akamwona, akakunja uso. "Ah, Mzee! Si ni wewe uliyeku..."

"Ni mimi!" Kalisti alipiga ukelele, mikono juu. "Umepata, afande! Mkimbizi ni mimi!"

"Wewe?"

"Baba yangu alivuka kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, kwa mtumbwi! Mpaka leo hatujarudi! Nichukueni haraka, kabla sijabadili nia!"

Akaelekea kwenye gari, akiwasukuma maafisa wote wawili kwa kitambi, ili Mwinshehe asipate nafasi ya kumaliza ile sentensi. Nyuma yake bwalo lililipuka kwa kugonga sahani.

Ofisini Mwinshehe alimvutia kiti. "Mzee, karatasi iliyoisha siku huongezwa siku. Huyo bwana aje nayo Jumatatu. Ungeuliza tu, tungekwambia."

Wakati huo huo Marsiana akaingia akitweta, ameshika cheti cha ubatizo cha mumewe, kadi ya chama, na picha ya harusi pia, endapo hivyo havitatosha.

"Mume wangu mkimbizi tangu lini? Huyu hajawahi kuvuka hata mto Luiche!"

"Mama, chukua mtu wako," alisema Mwinshehe. "Na mwambie akija tena kumsema mwenzake, aje na moyo wa kuketi."

Marsiana alimgeukia mumewe polepole. Usiku alimwandalia ugali mtupu, akakaa kando na kibakuli chake, akila sombe taratibu, akimtazama usoni.

Jumamosi asubuhi vijana walikuja na benchi wakilia machozi. Mzee wa Maharage! Aliyejitoa kwa ajili ya mwenzake! Mawazo mapya yalikuwa yamefutwa kwa kura ya sauti moja. Walimweka juu, wakampa mwiko, na Anatoli akatangaza kwamba mwaka huu bendera itazungukwa mara tatu. Kalisti alikuwa amepata kila alichotaka. Alikaa juu ya vichwa vya watu, na donge likawa pale pale. Maana kutoka jikoni ilipanda harufu ya mawese, na hata waliombeba walikuwa wakinusa na kuongeza mwendo.

Mguu wa mbele wa benchi ulikuwa begani mwa Heritier, aliyeuomba mwenyewe. Kwenye kona ya mlingoti benchi likayumba.

"Taratibu wewe!" alifoka Kalisti, akishikilia mbao kwa mikono yote miwili. "Unataka kuniangusha?"

Heritier akainua uso, jasho likimtiririka, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Hapana, Papa. Mimi nilitaka tu kuuliza. Ile jino ya Jumatano, ilisha pona?"

Sahani ziligongwa kwa nguvu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa haujaisha.