Jerono Aliyeingiza Ndovu Ukumbini

Saa nane mchana, Jumamosi ya soko mjini Bungoma, Jerono Kiptanui anakaza kitambaa kichwani, anapuliza maikrofoni na kuuliza kama waliokaa nyuma wanamsikia. Wanamsikia. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, nayo ndiyo inayowavuta watu kwenye ukumbi huu wa mabati ambao televisheni yake haizidi sinia la chai kwa upana.

Siku nyingine yoyote, saa hizi angekuwa anatafsiri filamu ya karate. Angesema maneno ya shujaa kwa Kiswahili, angemkemea adui, na teke likitua angeiga kishindo chake kwa mdomo. Leo kaseti iliyomo ndani ya deki haina teke hata moja. Ni filamu ya mambo halisi, isiyo na waigizaji, inayohusu ndovu wa Mlima Elgon. Jerono ana roho mkononi.

Mwenye ukumbi, Hiram Kang'ethe, amempa alasiri hii moja tu. Watu wakitoka kabla ya mwisho, au fujo ikizuka, maikrofoni itapewa mtu mwingine na Jerono atakuwa amemwaga unga.

"Nilimwambia wazi," anasema Kang'ethe, aliyejibanza karibu na swichi ya stima, akimwita Jerono kwa jina la mwanawe. "Mama Chemutai, mimi nakuheshimu, lakini hapa si shule. Mtu amelipa shilingi tano yake aone mwingine akipigwa."

Ukweli ni kwamba hofu ya Kang'ethe haitokani na ukosefu wa mateke. Inatokana na mlima wenyewe. Ni miaka minne sasa tangu vurugu za mashamba za mwaka 1992 ziwang'oe watu wengi huko juu na kule Trans-Nzoia. Baba yake Kang'ethe, aliyetoka mkoa wa kati akanunua shamba karibu na Kitale, aliacha mahindi yakiwa mabichi. Kang'ethe aliondoka na deki kwapani. Kwenye benchi la mbele ameketi Wabwile, mzee wa Kibukusu anayeuza kamba sokoni, ambaye aliwaacha ng'ombe wake mlimani akashuka kwa miguu na jamaa yake.

Na Jerono ni Msabaot, mzaliwa wa mlima huohuo, wa jamii ambayo waliofukuzwa wanailaumu. Wabwile hakosi ukumbini siku ya soko, na mizaha ya Jerono humvunja mbavu, lakini hajawahi kumsalimia.

"Nikiongea kwa spika anacheka," Jerono anasema. "Nikizima spika, hanijui. Mimi simlaumu. Hata mimi kuna watu nilikuwa siwaangalii kwa macho."

Ukimwona Jerono sokoni akichagua nyanya, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye sweta ya kijani, huwezi kudhani kwamba ameona filamu nyingi kuliko mtu yeyote wa mji huu. Tena si kuziona tu. Ana neno kuhusu kila moja, na haogopi kulisema.

Sauti yake aliipata Kitale, katika ghala la mahindi, alikokuwa miongoni mwa wanawake waliochambua nafaka kwa siku nzima ndani ya vumbi. Ujira ulikuwa shilingi ishirini kwa siku, na vumbi la bure. Koo lilikwaruzika, halikurudi lilivyokuwa. Mwaka 1985, kampuni moja ya sabuni ilifika kutafuta mwanamke wa kufua mashuka hadharani kabla ya sinema yao ya gari kuanza. Wenzake walimsukuma mbele wakicheka.

"Walidhani wananifanyia vituko," anasema. "Kumbe wananitoa kwa vumbi."

Alifua mashuka Sirisia, akafua Myanga, akafua hata kwenye viwanja ambavyo maji yalipaswa kuletwa kwa punda. Povu likishamwagwa, giza likiingia, kitambaa cheupe kilitundikwa ubavuni mwa gari na mtambo ukaanza kukoroma. Kwa kuwa ndiye aliyezijua lugha za huku na za kule, Jerono alipewa maikrofoni awaelezee watu kinachoendelea. Hapo ndipo ugonjwa wa filamu ulipomshika.

Jioni moja huko Kibabii, mwenye mtambo, bwana mmoja aliyeitwa Kimaiyo, alikosea. Filamu zilikuja kwa magurudumu matatu ya mkanda, naye akaweka la tatu kabla ya la pili. Katika gurudumu la kwanza mtu aliugua. Ghafla watu wakamwona yuko harusini, mzima wa afya, anamega nyama. Jerono, aliyekuwa ameiona filamu hiyo mara nyingi, alijua kwamba Kimaiyo ameharibu na kwamba harusi ile ilikuwa ya mwana wa marehemu, miaka mingi baada ya mazishi, mwigizaji akiwa yuleyule.

"Ningefanya nini? Watu wananiangalia. Nikasema, 'Huyu ni pacha yake kutoka mjini,'" anasimulia, akijifuta macho kwa kicheko. "Sasa Kimaiyo anaweka ile ya pili, na mtu anazikwa. Ikabidi nimzike pacha. Akina mama wakalia, bana. Walilia kuliko siku zingine zote."

Watu wengine wangelisahau jambo hilo. Jerono aliligeuza kipimo chake cha filamu, na hadi leo hana kingine. Filamu ambayo unaweza kuivuruga hivyo na watu wakalia vilevile, kwake ni uji tu, unakoroga kulia au kushoto na hakuna tofauti. Filamu nzuri, anasema, ukiigusa mahali pamoja inaanguka yote.

Kwa kipimo hicho, sinema nyingi zinazopendwa zimekwaa kisiki. Filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani hazivumilii kabisa.

"Mtu anapanda farasi kutoka asubuhi mpaka jua linatua, hata siku moja sijaona akimpa majani ama maji," anasema, na hapo anakasirika kikweli. "Mimi nimelelewa na mifugo. Huwezi kuniambia ati wewe ni mtu wa ng'ombe na mnyama wako hali."

Za Kihindi anazipenda, ingawa anashangaa ni kwa nini mama hushindwa kumtambua mwanawe mpaka mtoto aimbe. Za mapenzi zinampa kazi, maana wawili wakikaribiana midomo ukumbi mzima huanza kukohoa, na baadhi ya watazamaji ni wazee wa kanisa. Jerono hutangaza kwamba wanasalimiana, kisha huwaonya kwamba salamu hizi ni ndefu.

Karate je? Usidhani anaidharau. Ila anachokipenda si vita. Anapenda sehemu ile ambapo mwalimu anamtesa mwanafunzi kwa kuchota maji na kufagia ua, kabla hajamfunza hata ngumi moja. "Hapo naona kazi," anasema. "Ngumi ni ya mwisho, na mtu akiwa amefanya kazi, hiyo ngumi mimi naiamini."

Kwa hiyo binamu yake Kipruto, askari wa wanyamapori, alipomletea kaseti aliyoachiwa na wageni waliokuja kupiga picha mlimani, Jerono aliitazama peke yake asubuhi moja ukumbini kabla Kang'ethe hajafika. Alipomaliza akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Alijaribu kuivuruga kichwani, atoe kipande huku akiweke kule. Haikukubali. Tangu siku hiyo hakumpa mwajiri wake nafasi ya kupumua.

"Kila chai, ndovu. Kila chakula, ndovu," anasema Kang'ethe. "Nikamwambia, hao watu walifukuzwa huko. Wewe unataka kuwaonyesha kwao? Watavunja mabenchi yangu."

Jerono alimjibu kwamba yeye pia ametoka huko, na kwamba amechoka kuuogopa mlima ambao anauona kila asubuhi akifungua mlango.

Sasa ndio huo kwenye kioo, umefunikwa na ukungu, na hakuna anayekohoa. Jerono anaanza kutafsiri polepole. Anasema huu ni mlima wetu. Anasema ndovu hawa wanatafuta chumvi, na chumvi iko ndani ya mapango, kwa hiyo usiku unapoingia wanaifuata gizani.

Ndovu jike anaingia pangoni akipapasa sakafu kwa mkonga, hatua kwa hatua, na mtoto wake amemshika nyuma. Mwanamke mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama." Hakuna anayemcheka. Wale wa benchi la mlangoni, ambao kazi yao ni kutoroka mapema, wameinama mbele.

Kisha picha inabadilika. Ni mchana, na mpigapicha anashuka kwenye njia nyembamba ya wanyama inayopita kati ya miti mikubwa ya podo mpaka penye kijito. Wabwile anasimama.

Amesimama mbele kabisa, kivuli chake kimekata kioo nusu. Kang'ethe anapeleka mkono kwenye swichi. Jerono anakatisha sentensi na kushusha maikrofoni.

"Ngoja," anasema Wabwile bila kugeuka. "Rudisha hiyo kitu nyuma."

Kang'ethe anamtazama Jerono. Jerono anatikisa kichwa kukubali. Deki inalia, njia inarudi juu, kisha inashuka tena kwenye kijito.

"Hapo," anasema mzee. "Simamisha hapo. Hii ni barabara ya ng'ombe zangu. Nilikuwa nawapitisha hapa kila wiki kuenda kulamba chumvi."

Jerono anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ashike maikrofoni. Anauvuta waya wake, anapita kati ya magoti ya watu hadi mbele, anampa Wabwile maikrofoni.

Mzee anaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mtu mwingine. Anaanza kwa kujikwaa, halafu maneno yanamfungukia. Anataja ng'ombe wake kwa rangi zao. Anaeleza jinsi mifugo ilivyoingizwa pangoni kwa zamu, leo ya Wasabaot, kesho ya Wabukusu, na ukuta wa chumvi ulikuwa mmoja. Anaeleza kwamba wachungaji walipeana moto na maziwa wakingoja. Kisha anageuka na, kwa mara ya kwanza, anamtazama Jerono usoni.

"Mama, wewe kwenu ilikuwa upande gani?"

"Juu ya kijito, mzee. Karibu na pango dogo."

"Basi wewe ni mtoto wa yule alikuwa na ng'ombe wa pembe moja."

"Ndiye baba yangu."

"Alinipea moto," Wabwile anasema. "Siku tunatoroka, mvua ilikuwa inanyesha. Alitoka kwa nyumba akatupea moto kwa chungu, na watu wake walikuwa wanaangalia."

Jerono hakuwa analijua jambo hilo. Baba yake alifariki mwaka uliofuata bila kulitaja. Anaweka mkono mdomoni, anaketi palepale kwenye benchi la mbele, kando ya kofia ya mzee, na machozi yanamtiririka mbele ya wateja.

"Nililia, ndiyo. Kwa nini nifiche?" anasema baadaye. "Nilidhani nimeleta ndovu. Sikujua nimejiletea baba yangu."

Filamu hiyo ni ya nusu saa, lakini alasiri ile haikuisha mpaka jua lilipoanza kushuka. Kila baada ya dakika chache mtu aliinuka akaomba irudishwe, huyu akitafuta daraja, yule akitafuta mti. Waliokuja kuona filamu ya karate ya saa kumi walichoka kungoja nje, wakaingia wakasimama ukutani, nao wakanaswa. Ukumbi ulijaa pomoni. Kang'ethe alisahau kuuza tikiti, jambo ambalo wanaomfahamu hawaliamini hata leo, na watu walipomwona mlangoni jioni macho yake yalikuwa mekundu. Alidai ni moshi wa jenereta. Siku hiyo stima haikupotea, na jenereta haikuwashwa.

Juma lililofuata aliandika kwa rangi kwenye ubao wa mlangoni kwamba kila Jumamosi saa nane ni filamu ya mambo halisi, chini ya usimamizi wa Mama Chemutai. Ujira wa Jerono umepanda, na sasa yeye ndiye anayechagua kaseti. Ameshaonyesha ya nyuki, ya wachimbaji wa makaa ya mawe, na moja ya barafu ambayo wazee waliikataa katakata wakisema hakuna watu wanaoweza kuishi hivyo. Waliikataa, lakini wakarudi kuibishia wiki iliyofuata.

Wabwile naye humpitia kila asubuhi ya soko akielekea kwenye kamba zake. Wanaulizana habari za watoto. Wanapanga kupanda mlimani pamoja mwezi wa Desemba, wakaone pango kwa macho yao wenyewe na kaburi la baba yake Jerono.

Hata hivyo, mipango ya Jerono haiishii hapo. Anataka kupeleka deki Sirisia na Myanga siku za soko, kulekule alikofua mashuka. Baada ya hapo kuna filamu moja anayoisubiri, ambayo bado hakuna mtu aliyeitengeneza.

"Nataka mtu atuchukue picha sisi," anasema, huku akikunja waya wa maikrofoni kwenye kiganja. "Huyo mzee na kamba zake, akina mama wa ghala la mahindi, sisi wote tukiongea vile tunaongea. Siku hiyo mimi sina kazi, kwa sababu hakuna kitu ya kutafsiri. Nitalipa kwa mlango, nikae katikati ya watu, nisikize."