Wiki Mbili Chumbani kwa Bibi

Kwetu Tindiga mama mzazi hamfundi binti yake. Atamfundisha kupalilia mpunga, kupepeta, hata kugombana na jirani, lakini mambo ya mwili anamwachia bibi. Mama akiyasema mwenyewe, watu wanamwona kama amevua nguo mbele ya mtoto. Ndivyo mama yangu alivyolelewa, na mama yake vilevile.

Nilivunja ungo nikiwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo. Nilipomwonyesha mama nguo, hakuniangalia usoni. Alinipa kitambaa safi akasema, "Usiguse chumvi leo. Kesho unakwenda Masanze kwa bibi yako."

Bibi alikuwa amepooza tangu mwanzo wa mwaka. Upande wake wa kulia wote ulikuwa umelala, na kinywa chake hakikutoa neno, ila "aa" na "ee" tu. Ukoo mzima ulijua. Mimi pia nilijua. Lakini kunifunda ilikuwa haki yake, na maadamu alikuwa hai hakuna aliyethubutu kukaa mahali pake. Mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, alisema kumwita mwanamke mwingine ni kumzika bibi angali anapumua.

Basi nikawekwa ndani chumbani kwake wiki mbili.

Nililala kwenye mkeka sakafuni, kando ya kitanda chake. Asubuhi nilimfuta uso, nikamgeuza ubavu, nikamlisha. Mama mdogo alileta uji na maji, akaviweka nje ya pazia. Hakuingia, asije akakatisha mafundisho. Wanawake waliokwenda kisimani walipita dirishani wakinitania.

"Mwali! Mmefika wapi huko?"

"Mwache, huyo akitoka atatufunda sisi!"

"Mbona kimya? Au somo limekuwa gumu?"

Walicheka wakaenda zao. Mimi tangu utoto ni mtu wa aibu, sikuwajibu. Wakasema mwali ana adabu, ameshaanza kufundika.

Siku moja, nadhani ya sita au ya saba, bibi alinishika mkono kwa mkono wake mzima. Akauweka tumboni kwangu. Kisha akautoa, akatikisa kichwa, akauweka tena, akatikisa kichwa tena. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja. Alirudia mara nyingi, akisema "aa, aa," mpaka akachoka. Nilidhani anataka kula. Nikamletea uji. Alifumba mdomo. Uji ukamwagika shingoni, nikamfuta, naye akageuza uso ukutani.

Nimekumbuka uji ule mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu.

Siku ya kutolewa nje nilipakwa mafuta, nikavishwa kanga mpya. Mama alikuja kutoka Tindiga. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwamkia bibi, kisha akamuuliza, "Mama, umemwambia yote?" Bibi akaanza kulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Walisema analia kwa furaha, kwa kuwa amemaliza kazi ya mjukuu wake wa kwanza.

Mama naye aliamini hivyo. Au alitaka kuamini, sijui. Sijamuuliza.

Matokeo yalipotoka sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nikabaki mashambani. Miaka ilipita, na msimu mmoja wa mavuno alikuja kijana kuvuna mpunga shamba la jirani. Alikuwa mpole na mcheshi. Sitamsema vibaya hapa, maana sidhani kama yeye naye alikuwa ameambiwa lolote na mtu. Mavuno yalipokwisha alikwenda Mikumi kuosha malori, na sikumwona tena.

Mwezi uliofuata damu haikuja, wala mwezi wa pili. Nilifurahi. Nilidhani ni kitu kinachokuja na kuisha, kama homa, na kwangu kimekwisha. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, na hata angekuwapo nisingeweza.

Mama aligundua tukiwa shambani. Aliona namna nilivyofunga kanga.

"Ina miezi mingapi?"

"Nini, mama?"

Alikaa chini palepale kwenye tope. "Kwani bibi hakukwambia?"

"Bibi hasemi, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kulitamka jambo hilo, sisi wawili, ingawa kila mmoja alikuwa nalo siku zote.

Mtoto alikuja wakati wa masika, na barabara ilikuwa imejaa maji. Walinipakia kwenye trekta kwenda hospitali ya Kilosa. Safari ilichukua tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Wanawake walimzika, mimi sikuonyeshwa. Mwaka huohuo bibi alifariki, na kwenye msiba wake nilikaa karibu na mlango wa kile chumba, nikashindwa kuingia.

Mdogo wangu yuko darasa la sita. Mwaka huu, nikiwa napepeta uani, mama alinijia na kusema kwa sauti ya chini, "Mdogo wako ameona. Bibi hatuna. Wewe ndiye mkubwa wake, umfunde."

Sijawahi kumkatalia mama kitu. Nilipepeta ungo mzima kabla ya kumjibu.

"Nitakaa na nyinyi," nikasema. "Lakini useme wewe."

"Mimi? Mimi si mama yake?"

"Hata mimi ulikuwa mama yangu."

Aliondoka, na siku tatu hakunisemesha. Jumamosi asubuhi alitandika mkeka nyuma ya jiko, akamwita mdogo wangu, akaniita na mimi. Alileta sinia la mchele tuchambue mawe. Kisha akaanza kusema, macho yake yote kwenye sinia. Alisema damu ni nini na kwa nini inakuja kila mwezi. Alisema mimba inavyoingia, na kwamba inaweza kuingia hata mara ya kwanza. Akataja zahanati, kwamba muuguzi anaulizwa na hagombezi. Jasho lilimtoka kama mtu anayelima.

"Mama," mdogo wangu akasema, "mbona unauambia mchele?"

Tulicheka wote watatu, na mama alicheka zaidi yetu, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mdogo wangu hana aibu kama mimi. Alipomaliza kucheka akauliza:

"Na dada ulimwambia hivihivi?"

Mikono ya mama ilisimama.

"Sikumwambia. Nilimpeleka kwa bibi."

"Bibi si alikuwa hasemi?"

"Alikuwa hasemi."

Jogoo aliingia kwenye mkeka, hakuna aliyemfukuza. Mdogo wangu aliniangalia, kisha akamwangalia mama, akaona bora arudi kwenye yale mengine. Akasema, "Haya, tulikuwa tumefika wapi?"

Mama hakuendelea alipoishia. Alisukuma sinia pembeni, akaanza tena mwanzo, polepole, damu ni nini na kwa nini inakuja. Safari hii alikuwa ananitazama mimi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatisha, kama vile maneno hayo bado yangeweza kunisaidia.