Shukrani za Ng'ombe wa Kibumba

Swali lililomfunga mdogo wangu lilikuwa fupi, na jibu lake fupi zaidi. Hakimu aliuliza kwa Kifaransa, mkalimani akamgeuzia mjane aliyesimama mbele: "Mama, ule ngombe ni ya bwana yako?" Mjane akajibu: "Ndiyo, ni yake." Akarudi kukaa. Watu wakaguna, nami nilijua pale pale kwamba mtoto wa mama yangu amekwisha.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa pikipiki hapa Goma. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, ila tumekulia mtaa wa Katoyi, hapa mjini, na yeye alikuwa mtu wa kucheka na kila abiria. Wakati mmoja barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa kwa risasi, na mfugaji mmoja wa Kibumba alikuwa na mtoto aliyezidiwa na homa. Madereva wote walikataa. Mdogo wangu alimfunga yule mtoto mgongoni kwa kitenge, kama mama anavyobeba, akapita naye kwenye mashamba na mawe ya volkano mpaka hospitali ya mjini. Mtoto hakupona, lakini yule mzee mfugaji hakusahau. Baadaye alimwita mdogo wangu malishoni, akamwonyesha mtamba mweusi mwenye baka jeupe, akamwambia: "Huyu ni wako."

Hazikupita wiki nyingi, mzee akakutwa amepigwa risasi kwenye malisho yake, na mifugo yote imetoweka. Wapelelezi hawakumpata ng'ombe hata mmoja isipokuwa yule mtamba, amefungwa kwa kamba nyuma ya nyumba ya shangazi yetu. Mdogo wangu alieleza kwamba alipewa. Mwendesha mashtaka akacheka: nani hutoa ng'ombe kwa safari moja ya pikipiki? Shahidi wako nani? Mtoto alikuwa amekufa, mzee amekufa. Alibaki mjane tu, na mjane alikuwa amekwisha kusema ng'ombe ni wa mume wake. Wakampa kifungo cha maisha.

Katika gereza letu, asiyeletewa chakula na ndugu zake hali. Nilikuwa napeleka ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, tunaongea kupitia vyuma. Kila nilipomtukana yule mjane, mdogo wangu alinikatiza: "Dada, ule mama hakusema bongo, alisema kweli." Nilitaka kumzaba kofi. Unaozea humu kwa kinywa chake, halafu unamtetea! Nilikuwa na hasira na wote, hata na Mungu, na sioni haya kusema.

Mimi nauza vitenge. Navinunua Bunagana mpakani, na njia ya Bunagana inapita Kibumba, mbele ya ua wa yule mjane. Kila safari nilikuwa nageuza uso upande wa pili. Nilimwona hata nikifumba macho: kitambaa cheusi kichwani, mikono imekunjwa, mdomo unatamka lile neno moja. Niliota anatamka, nikaamka nimeng'ata mto.

Avoka, yaani wakili, aliyekubali kutusaidia hakunibembeleza. Aliniambia bila kinywa cha mjane, faili ya mdogo wangu ni karatasi za kufungia maandazi tu. Basi siku moja nikitoka Bunagana nilimwomba dereva anishushe Kibumba. Nilipiga hodi. Mjane alikuja mpaka kwenye ua, hakufungua. Aliniangalia mikono, kisha uso, kisha mikono tena.

"Muko batu wa ule kijana?"

"Ndiyo, mama. Mimi ni dada yake. Nimekuya kukuomba useme kweli."

"Na munakuya kwangu mikono mutupu?"

Nililipuka. Nilimwambia kama anataka kuuza damu ya mume wake ataje bei, niende kutafuta mteja. Aligeuka akaingia ndani, polepole, na mimi nikabaki napigia kelele majani ya ua. Kurudi Goma nililia njia nzima, nimekalia mabunda ya vitenge vyangu.

Mama yangu alikuwa anachambua maharagwe nilipomsimulia. Nilitegemea atanisaidia kutukana. Akauweka ungo chini.

"Mutoto wangu," alisema, "hakukuomba makuta, hauzi kitu. Anaomba shukrani yake."

Nikaelewa. Kwetu, mtu akipewa ng'ombe hatangazi. Anamtunza kwanza, mara nyingine mpaka azae. Kisha anakusanya ndugu zake, wanabeba pombe, wanakwenda kwa aliyetoa, wanashukuru mbele ya watu. Tunaiita gukura ubwatsi. Kabla ya hapo ng'ombe anaweza kulala kwako na maziwa ukanywa wewe, lakini ukiulizwa ni wa nani, unamtaja aliyekupa. Ndiyo heshima. Hata mdogo wangu, angeulizwa swali lile lile njiani na mpita njia yeyote, angejibu vile vile: ni wa mzee wa Kibumba. Mjane alijibu kama mwanamke aliyelelewa. Na sisi, tuliozaliwa mle mle, tulikaa kwenye viti vya mahakama tukasikia Kifaransa na mila zetu zote zikatutoka kichwani. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekumbuka, na badala ya kumwacha anieleze nilitaka kumpiga.

Kulikuwa na jambo jingine. Nyumba iliyotoa haiwezi kutaja zawadi kabla ya kushukuriwa. Ni kama kudai pombe kwa nguvu. Yeye alikuwa anatungoja sisi. Na sisi tungepelekaje pombe na nyimbo kwa mjane ambaye nchi nzima inasema tumemuulia mume? Hivyo kila upande ukangoja upande mwingine, na aliyelipa ni kijana aliyelala sakafuni, ubavu kwa ubavu na wezi wa kweli.

Tulikwenda. Baba mkubwa alikubali kuwa msemaji baada ya kunifanya nimpigie magoti, maana aliogopa watatupiga mawe. Tulibeba bidoni za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na soda kwa walokole. Majirani wa Kibumba walijaa uani, wanaume wameshika fimbo zao za kuchungia, hakuna aliyetusalimu. Mjane alikaa kwenye kiti cha mume wake. Baba mkubwa alishukuru jinsi wazee wanavyoshukuru, akamsifu mzee na mtamba. Alipomaliza, mjane aliuliza lile swali ambalo lazima mwenye ng'ombe aulize.

"Na ngombe iko namna gani?"

Ee Mungu wangu. Mtamba alichukuliwa kama kielelezo cha kesi, na mjini kila mtu anajua kielelezo chenye nyama huishia wapi. Baba mkubwa alikohoa. Alitazama kofia yake.

"Mama, ngombe iko salama. Iko kwa Leta."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha mwingine. Kisha uani kote kukawa kicheko, maana wote walikuwa wamewahi kuacha kitu kwa Leta, yaani serikali, na Leta haikuwahi kurudisha hata kwato. Mjane naye alicheka, amefunika mdomo kwa kitenge, na katikati ya kile kicheko akaanza kulia, na mimi nikalia naye. Alipotulia alisimama, akasema kwa sauti ambayo hata aliye barabarani angesikia: "Bwana yangu alitoa ile ngombe na roho yake yote. Nilikuwa pale, nilimuona. Ule kijana alibeba mutoto wetu. Hakuua mutu."

Nilimwuliza kama atakubali kuyasema hayo mbele ya hakimu. Akashangaa. "Sasa mumekuya, nitasema kwa kila mutu."

Avoka alipeleka maombi, tukapewa siku ya kusikilizwa upya. Nilimpelekea mdogo wangu habari pamoja na chakula. Hakukigusa. Alinishika vidole kupitia vyuma, akaniuliza mara mbili kama kweli wazee walikwenda, kama kasiksi ilitosha, kama mjane alipokea. Kuanzia hapo alibadilika. Alinyoa ndevu, akaomba shati jeupe la kwenda nalo mahakamani. Aliwaambia wenzake kwamba yeye atatoka kwa mlango mkubwa, mchana, kila mtu akimwona.

Kabla ya siku hiyo vita viliingia mjini. Sitaeleza vita, aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo hatanielewa. Tulilala chini ya vitanda, na tulipoanza kutoa vichwa nje tulisikia kwamba gereza limefunguka na wafungwa wametoka wote. Wengine walipita Katoyi wakikimbia, wanaomba suruali, wanaomba maji. Mama alisimama mlangoni akiwa ameshika sahani ya chakula. Kila kijana aliyepita, mama alimtazama usoni mpaka yule kijana akaona haya. Wetu hakupita.

Mtu mmoja aliyelala naye chumba kimoja alikuja siku za baadaye. Alisema milango ilipovunjwa alimvuta mdogo wangu kwa mkono. Mdogo wangu alijinasua. Alikuwa amevaa lile shati. "Minabaki," alimwambia. "Siku yangu iko karibu. Nikikimbia, batasema niliua kweli." Kisha moshi ukawa mwingi, na yule mtu hakugeuka tena.

Nimetafuta kila mahali ambapo mtu hutafuta. Kwenye chumba cha maiti nilifunua nyuso ambazo sasa zinanijia sokoni, nikiwa napima kitenge kwa mkono, mpaka mteja ananiuliza nimeona nini. Hakuwa miongoni mwao. Kuna anayesema alimwona kwenye njia ya Sake akitembea polepole, hakimbii kama wengine. Kuna anayesema ndani ya gereza hakubaki mtu hai. Nawaamini wote wawili, kila mmoja kwa siku yake.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, nilikwenda mahakamani, sijui kwa nini. Mahakimu walikuwa wamekimbia na mlango ulikuwa na kufuli. Nilimkuta mjane amesimama pale. Alikuwa ametoka Kibumba alfajiri, viatu mkononi kwa ajili ya matope, amevaa kitenge cha sherehe.

"Nitasema kwa nani?" aliniuliza.

Nikamwonyesha kufuli. Basi akavaa viatu vyake, akageukia barabara, akasema yote. Mtoto, pikipiki, mtamba, mume wake malishoni. Dereva wa chukudu alisimamisha mkokoteni wake wa mbao akasikiliza. Wanawake waliobeba makaa wakasimama. Askari mmoja wa hawa wapya walioteka mji naye alisikiliza, bunduki begani. Mjane alimaliza, akajifuta jasho, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Sasa imeisha," alisema. "Batu bamesikia. Huko alikojificha ule kijana, anaweza kutoka. Umuambie, mwanangu."

Nikamwambia nitamwambia.