Mlango wa Mkate wa Pasaka

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, niliingia jiko la hoteli nikiwa na diploma ya upishi kwenye faili na viatu vinavyong'aa. Mkuu wa Kitengo cha Mikate, Mromania mwenye mikono mipana, aliitazama diploma, akanirudishia.

"Nzuri. Sasa simama pale mlangoni. Asiingie mtu."

Hivyo mimi, niliyeongoza darasa zima chuoni Nairobi, nikaanza kazi kama bawabu wa unga.

Niwaeleze ninyi vijana mnaooka kwa mashine. Mkate wake wa sikukuu ulikuwa wa mayai, maziwa na siagi nyingi, na ndani yake kokwa za jozi zilizosagwa. Unga mzito namna hiyo huumuka polepole, na ukipigwa na baridi hubonyea. Kijijini kwao, juu milimani, mama yake alifunga mlango, na hakuna aliyeufungua wala kugombana ndani ya nyumba mpaka mkate uingie tanuri. Wao walikuwa na theluji nje. Sisi tulikuwa na kiyoyozi cha korido.

Tukikanda, alisimulia. Mwisho wa mwaka wanaume wa kwao huvaa vinyago vya mbuzi na ngozi za dubu, wakacheza nyumba hadi nyumba kuufukuza mwaka uliochakaa. Pasaka, mayai huchemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yawe mekundu, na watu huyagonganisha wawili wawili. Mmoja husema Kristo amefufuka, mwenzake hujibu kweli amefufuka. Waliogonga pamoja, wanaamini, watakutana tena baada ya kufa.

"Na mama yako, Shefu, mmegonga?"

"Tangu nije huku, bado. Pasaka ndipo hoteli inapojaa."

Kila alipoomba likizo ya Pasaka, Mpishi Mkuu, Mlebanoni, alimkatalia. Miaka ikapita. Nilipanda cheo nikawa msaidizi wa Shefu, na Wakristo tuliporuhusiwa kuwa na makanisa kule Mesaimeer, pembeni mwa jiji, nilimbebea kikapu chake cha mayai hadi kwa kasisi wao. Kisha habari zikaja kwamba mama yake amedhoofika. Mpishi Mkuu akaniita.

"Wewe wa diploma. Ule mkate utauweza peke yako?"

"Nitauweza, Mkuu."

"Basi aende. Lakini mkate ukiharibika, nampigia simu uwanja wa ndege arudi."

Hakuna Mkenya mwingine jikoni mle aliyewahi kukabidhiwa jambo kama hilo.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka unga ulikuwa katika kuumuka kwa mwisho, mimi ndani, nimeufunga mlango. Hodi ikabishwa.

"Ni mimi. Gari linanisubiri. Nina mayai mawili hapa, tugonge."

"Shefu, unga bado haujaingia tanuri."

Nikamsikia akicheka.

"Usifungue basi. Hata kwangu usifungue. Tutagonga nikirudi."

Mkate ulitoka umejaa, umeng'aa. Mpishi Mkuu alikula vipande viwili akiwa amesimama, na simu hakuipiga. Nje ya mlango, juu ya toroli, nilikuta yai moja jekundu. Nikalipeleka chumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

"Mzee wa diploma," akasema Otieno, askari wa lango niliyeishi naye, "siku hizi unalala na yai? Unalilalia kama kuku ama?"

"Namngoja mwenyewe."

"Likianza kunuka, mtahama nalo wawili."

Lilinuka, nikalitupa. Shefu alifika kwao, akagonga na mama yake. Alinitumia ujumbe kunieleza. Akabaki kumtunza, kisha akaugua yeye. Hakurudi tena Doha; wamezikwa pamoja huko mlimani. Kiti chake nilipewa mimi, na nilikikalia kwa heshima mpaka nilipostaafu.

Leo nina duka langu la mikate Nakuru, na diploma iko ukutani juu ya tanuri. Niliowafundisha wako hoteli kubwa kubwa. Lakini kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote ni ile ya kutofungua mlango, na ndiyo ninayoijutia.

Kila Pasaka nachemsha mayai na maganda ya vitunguu. Mke wangu huja na lake unga ukiwa unaumuka, akabisha. Namfungulia palepale, tunagonga. Mkate wetu wa Pasaka hubonyea katikati kila mwaka, na wateja wameshauzoea.