Neno la Siri la Bi Chapa

Wifi yangu hupiga chapa bila kutazama vidole, na hapo sijatia chumvi hata punje. Anaweza kukukazia macho, akakuuliza habari za watoto, akakusema kwa kuchelewa kulipa fundi bomba, na wakati huohuo mikono yake inaandika barua ya mtu anayeomba uhamisho. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Chapa. Jina alilopewa na wazazi wake analikumbuka kaka yake tu, ambaye ni mume wangu, na hata yeye hulitumia akikasirika.

Tunafanya kazi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele nakaa mimi na cherehani yangu. Nyuma ya pazia yuko yeye na taipureta ya chuma, nzito kiasi kwamba siku tulipohamia hapa tuliibeba watu watatu, na mmoja akaenda moja kwa moja kuchuliwa mgongo. Miaka kumi na minne tumekaa hivyo, mimi napiga mshono, yeye anapiga mstari, na mteja akiingia lazima apaze sauti. Nikisikia ile kengele ya mwisho wa mstari najua wifi yangu yu mzima. Isiposikika kwa muda mrefu namwita, naye hujibu kwamba bado hajafa, nisianze kugawa nguo zake.

Kazi zake nyingi zilitoka kwa wakili mmoja mwenye ofisi mtaa wa pili. Ofisi aliirithi kwa baba yake, na Bi Chapa alirithiwa humohumo pamoja na makabati. Baba aliandika rasimu zake kwa mkono, na mtoto naye anaandika kwa mkono, mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, ambao duniani ni watu wawili wanaousoma. Jumatano moja wakili akaja mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akaanza kuchezea funguo za gari. Mtu mwenye habari njema hachezei funguo.

"Mama," akasema, "mahakamani siku hizi hawataki karatasi peke yake. Wanataka na nakala ya kompyuta. Kuanzia Jumatatu nitakuwa napiga picha rasimu zangu, nakutumia kwa barua pepe, na wewe unanirudishia kwa barua pepe."

"Sawa," Bi Chapa akajibu kutoka nyuma ya pazia, kama mtu aliyeambiwa kesho kuna mawingu.

"Jumatatu saa nne nitatuma mkataba wa kurasa kumi na sita. Saa kumi jioni niwe nao. Ikishindikana itabidi kazi zangu zote niwape wale wenye kompyuta hapo ng'ambo ya barabara. Na mama, hata ukiamua kupumzika sitakulaumu. Umetufanyia kazi kubwa."

Alisema kwa heshima, siwezi kumsingizia. Lakini alipotoka tu, pazia likafunguka.

"Nikapumzike wapi? Kaburini?" wifi akauliza. "Vaa viatu. Kesho tunakwenda dukani."

Kesho yake tukaenda, yeye na akiba yake ndani ya pochi, mimi na ulimi wangu. Duka lilikuwa jembamba, rafu za vioo kila upande, kiyoyozi kikivuma. Muuzaji alikuwa dada wa makamo mwenye miwani iliyoning'inizwa shingoni kwa kamba. Alipotuona akadhani tunataka chaja.

"Nataka kompyuta," wifi akasema. "Ya mezani. Hizi za kupakata ni za watu wasio na meza."

Dada akaanza kumweleza taratibu, kwa sauti ile watu wanayotumia kwa wagonjwa. "Mama, hiki kinaitwa kipanya. Na hizi ni herufi. Ukibonyeza hapa..." Wifi alikuwa ameshavuta kiti. Akanyoosha mgongo, akaweka vidole mahali pake, akatazama ukutani, na vitufe vikaanza kulia kama mvua ya ghafla juu ya bati. Aliandika kwamba duka ni zuri lakini rafu ya pili ina vumbi, na kwamba muuzaji ana sura ya upole ila hajala tangu asubuhi. Watu wawili waliokuwa wakichagua vikava vya simu wakasogea kutazama. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka alipofika mwisho wa mstari. Mkono wake wa kushoto ukainuka wenyewe kusukuma lile gari linalobeba karatasi kwenye taipureta, ukaipiga skrini kofi.

Dada akashika kifua. Skrini ikayumba, ikatulia. "Mama," akasema, na sasa sauti ya wagonjwa ilikuwa imekwisha, "ulijifunzia wapi kuandika hivyo?"

"Kabla hujazaliwa," wifi akasema, ingawa nadhani hapo alizidisha.

Tukanunua na simu janja, maana dada alitushauri kwamba picha za rasimu zikifunguliwa kwenye simu, kompyuta inabaki kwa kuandikia. Lilikuwa shauri zuri. Tatizo ni kwamba wifi aliilaza simu juu ya kaunta, akapanga vidole vinane juu ya kioo kama alivyofundishwa, na kabla hajaandika hata herufi moja simu ilikuwa imeshapiga picha ya dari. Mimi mbavu sina.

Ijumaa vitu vikaletwa. Tukahamisha taipureta pembeni, tukafuta meza, tukachomeka nyaya moja baada ya nyingine, mimi nikisoma maelekezo na yeye akinisahihisha matamshi. Kompyuta ikawaka. Akafungua anwani ya barua pepe yeye mwenyewe, na kila swali akalijibu kwa sauti kama yuko kizimbani. Ilipofika pa kuandika namba ya simu akaruka. "Namba yangu siwapi watu nisiowajua," akasema. Ilipofika pa neno la siri akanifukuza upande wa pili wa pazia, akaliandika, likakubali, na yeye akalinakili kwa kalamu kwenye daftari. Akampigia wakili kumpa anwani yake mpya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejenga ghorofa. Kisha akatoka kwenye barua pepe, akazima kila kitu, akachomoa waya ukutani. Ofisi haiachwi wazi, hilo alifundishwa tangu zamani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana ndipo tulipotaka kuiingiza ile barua pepe kwenye simu. Akaandika neno la siri. Simu ikakataa. Akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja, akikagua daftari kila herufi. Ikakataa.

"Ni huu mkono wangu mzito," akasema. "Nimezoea chuma. Andika wewe, wewe una mkono wa sindano."

Nikaandika. Sasa naweza kulitaja kwa sababu ameshalibadilisha: Chapa1981, mwaka alioanza kazi. Herufi ya kwanza kubwa, nyingine ndogo, kama lilivyokuwa kwenye daftari. Ikakataa. Tukawasha kompyuta, nikaandika pale, kwa ncha ya kidole, kama naondoa uzi kwenye hariri. Ikakataa. Mume wangu akaja kujaribu, maana wanaume hawaamini mpaka wajaribu. Ikakataa, na safari hii yakatokea maandishi mekundu: tumekosea mara nyingi mno, tujaribu baadaye. Kurudishiwa neno la siri kulihitaji namba ya simu, ileile aliyoiruka.

"Fungua anwani nyingine," nikamwambia. "Mpigie wakili, mwambie imebadilika."

"Nimwambie nini? Kwamba nimejifungia nje ya ofisi yangu mwenyewe kabla hata ya kazi ya kwanza?" Akalifunga daftari. "Kesho asubuhi kazi za huyo zitakuwa ng'ambo ya barabara. Na atakuwa na haki."

Hapo utani ukaniishia. Kwa wifi huyu nimezoea majibu, nimezoea ubishi, lakini mtu anayekubali kushindwa simjui. Nikaichukua simu, nikatoka nje, nikampigia yule dada wa dukani kwa namba iliyokuwa kwenye risiti. Akasema atapita asubuhi kabla hajafungua duka.

Jumatatu saa mbili na nusu akafika, miwani tayari puani. Akatusikiliza. Akalitazama daftari, akaandika yeye mwenyewe mara moja, ikakataa. Akagongagonga meza kwa kalamu.

"Mama, siku ile uliandika ukitazama daftari?"

"Daftari niliandika baadaye."

"Basi lifunge. Kaa kama ulivyokaa dukani. Tazama ukuta, andika kama unavyoandika siku zote."

Wifi akanyoosha mgongo. Vidole vikapita juu ya vitufe mara moja, trrr, na barua pepe ikafunguka wazi mbele yetu. Mimi nikapiga kigelegele, mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akageuka. Lakini yule dada hakushangilia. Alimwomba atoke kwenye barua pepe, kisha aandike tena, ila safari hii polepole, wote tukitazama vidole.

C, h, a, p, a. Halafu kidole cha pete cha mkono wa kulia kikashuka, kikabonyeza L ndogo. Kisha tisa, kisha nane, kisha L ndogo tena.

"Mama," dada akasema taratibu, "hiyo si moja."

"Ni moja," wifi akasema.

"Ni L."

Wifi akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Kisha akainuka, akaenda pembeni ilikokuwa taipureta, akaondoa kifuniko, akatuita. Safu ya juu ya tarakimu ilianzia mbili. Moja haikuwapo. Miaka kumi na minne nimekaa upande wa pili wa pazia na mashine ile, nimeifuta vumbi, nimeipaka mafuta ya cherehani yangu, na sikuwahi kuona kwamba haina moja.

"Zile mashine za zamani zilikuwa hivi," akasema. "Siku ya kwanza chuoni mwalimu alisema, moja ni L ndogo. Ukiuliza mara ya pili unachapwa rula kwenye vifundo. Sikuuliza mara ya pili." Akacheka kidogo, cheko fupi la aibu. "Kwa hiyo mikataba yote ile, mama wee. Tarehe zote. Viwanja vyote. Hakuna hata moja iliyo moja."

"Kwenye karatasi zinafanana, hakuna aliyedhurika," dada akasema. "Kwenye kompyuta hazifanani. Leo uwe macho."

Akambadilishia neno la siri, akaiingiza barua pepe kwenye simu, akakataa malipo, akakubali chai. Saa nne na dakika mbili simu ikalia. Rasimu za wakili zilikuwa zimefika, picha kumi na sita, na kwenye ya tatu kilionekana kidole gumba chake.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Simu aliisimamisha kwa kuiegemeza kwenye kopo la vifungo vyangu, akapanua picha, akaandika. Maneno yalikimbia. Lakini kila alipofika kwenye tarehe au namba ya kiwanja, kelele zilikatika. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, kidole cha pete kimeinuka, kinasita hewani, halafu kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinapanda juu kabisa kuitafuta moja. Mara nyingine aliteleza, akajigombeza kwa sauti, akafuta. Saa saba nilimpelekea chakula, akala wali kwa kijiko huku anasoma. Saa nane akaniita nimsomee namba zote kwenye simu naye azifuate kwenye skrini. Tukakuta L mbili zimejificha ukurasa wa kumi na moja. Akazing'oa.

Saa tisa na nusu akatuma. Kisha akakaa mikono mapajani, maana hakuna kengele wala karatasi ya kuchomoa, na mtu hajui afanye nini. Nami nikaacha cherehani. Ilipita nusu saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa chumba kile. Simu ikalia. Akaisoma mwenyewe kwa sauti.

"Mama, nimeupata. Nimeupitia, sijaona kosa. Kesho asubuhi natuma wosia mmoja na viapo viwili."

Akaisoma tena. Akaisoma mara ya tatu, akiishia kwenye neno kesho. Halafu akavua miwani, akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika.

"Sasa unalia nini?" nikamuuliza. "Si umeshinda?"

"Wifi," akasema, "toka Jumatano nilikuwa nimeshaiaga kazi. Kila nikikutania, moyoni naaga. Nilikuwa naiaga hata hii sauti ya cherehani yako."

Mteja wa suruali aliingia akiita hodi, nikamwambia arudi baada ya muda. Nikavuta pazia mpaka mwisho, nikakaa karibu na wifi yangu kwenye kiti chake kimoja, tukabanana, tukaisoma ile barua kwa mara ya nne.